UZI: Sedani za dizeli zenye nguvu (Mercedes E320 CDI, BMW 535d na wenzao) kwa sisi wa Dodoma, tuongee ukweli

Kilimani Juu

Wakuu habari za humu. Nimekaa na hii gari mwaka wa nne sasa na inbox naulizwa maswali yaleyale, nimeona bora nifungue uzi, mwenye uzoefu aongezee, mwenye kupinga apinge ila aje na sababu.

Gari yenyewe ni Mercedes E320 CDI ya 2007, ile W211, injini V6 ya dizeli lita 3 ambayo mafundi wanaijua kwa jina la OM642. Farasi 224, toki (ile nguvu ya kuzungusha) Newton mita 540. Watu hapa mjini wakisikia dizeli wanawaza Canter, Hiace na mashangingi ya kule Mtumba kwenye mji wa serikali, ukimwambia mtu kwamba sedani ya kifahari inakunywa dizeli anazunguka nyuma kuangalia ekzozi kama inatoa moshi. Hamna moshi, na ukipandisha vioo hujui umekaa kwenye dizeli mpaka usome maandishi ya kwenye mfuniko wa tenki.

Niseme kwanza kilichonifikisha huku. Shemeji yangu alikuwa anatoka Dar na gari ya petroli ya lita moja na nusu, watu wanne ndani na mizigo kibao, kabla ya Pandambili akaingia kuovateki semi trela, alipofika katikati ya trela gari ikaisha pumzi, amekanyaga mpaka chini inalia tu haisogei na mbele linakuja basi. Akaamua kutoka nje ya barabara upande wa kulia. Wenzake walipona na michubuko, yeye mguu ulivunjika sehemu mbili. Tangu hapo nilipoanza kutafuta gari sikuuliza spidi ya mwisho inafika ngapi, niliuliza kitu kimoja tu, nitakaa sekunde ngapi upande usio wangu.

Na hapo ndo dizeli kubwa inapojibu. Chukua Toyota Mark X ya 2.5 ambayo wengi tunaijua, ni gari nzuri, farasi 215, lakini hao farasi wote wanapatikana ukiizungusha injini mpaka mizunguko 6,400 kwa dakika, na toki yake ni 260 inayofika kileleni kwenye 3,800. Sasa wewe uko nyuma ya lori kwenye kilima, injini iko 1,600. Piga hesabu, nguvu ni toki mara mizunguko, hata tukiipendelea tuseme pale chini inatoa 260 yote bado haifiki farasi 60. Ya kwangu kwenye hiyohiyo 1,600 inatoa 540, ambayo ni farasi kama 123. Mara mbili na zaidi, na bado sijashusha gia, sijasikia kelele yoyote. Kwenye karatasi zinaonekana ndugu, 215 na 224, ila barabarani nyuma ya lori ni vitu viwili tofauti kabisa.

Afu kuna hili ambalo watu wa Dar halijawahi kuwagusa. Sisi Dodoma tuko juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, Gairo ndo kabisa. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na ya Dar, na injini isiyo na tabo (ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) inavuta hewa iliyopo, hewa ikipungua na nguvu inapungua. Tabo yenyewe inazunguka zaidi inajaza lile pengo. Kwa hiyo Mark X inayoondoka Dar na farasi 215 ikifika Gairo ina kama 190 na kitu, dizeli yenye tabo inafika karibu na vilevile ilivyoondoka.

Mafuta: Dar nikijaza tenki la lita 80, nikaja Dodoma nikarudi, kama kilomita 900, nabaki na lita kumi na zaidi. Hiyo ni kwa mwendo wa kiungwana, nikiheshimu 50 za vijijini maana tochi za trafiki zipo kila mahali.

Sasa upande wa pili na hili naomba msome vizuri, HII GARI SIYO YA KILA MTU. Kama safari zako ni Area D kwenda Mtumba na kurudi, wikendi uende Nanenane basi, usinunue. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza niwasikie.

Crown Nyeusi

Kaka umeandika vizuri ila mi napinga kidogo. Hiyo hesabu ya 1,600 umeipanga ili petroli ishindwe. Hakuna mtu anayeovateki na petroli akiwa 1,600, unakanyaga gia zinashuka mbili injini inapanda 5,000 na unapita. Crown yangu inanifikisha Dar miaka mitano sasa, spea kila duka, fundi kila kona, na siku nikitaka kuuza naweka tangazo asubuhi jioni mtu kashakuja na hela. Wewe hiyo E320 CDI ukiitangaza Dodoma hii utakaa nayo miezi. Na ikiharibika nozeli moja tu ya kupulizia mafuta, bei yake mi nafanya servisi ngapi?

Kilimani Juu

Crown Nyeusi hoja zako za spea na kuuza nazikubali zote, sina la kubisha. Kwenye kushusha gia, ni kweli inapita, ila hesabu muda. Unakanyaga, gia inafikiri, inashuka, injini inapanda ndo nguvu inakuja, na huku hewa ya Gairo ishakula asilimia 10. Mi nikikanyaga nguvu iko palepale chini ya mguu. Sekunde moja na nusu, mbili, ndo hizo ninazozizungumzia. Kwa mtu anayeenda Dar mara moja kwa mwezi labda hazina maana, mi naenda kila wiki.

Fundi Nozeli

Naomba niingie hapa kwa sababu hiyo sentensi ya "siyo ya kila mtu" ndo inayoniletea wateja gereji kila siku, na wengi wanakuja wamechelewa.

Watu wanauliza injini ya lita 3 ilitoa wapi nguvu yote hii wakati dizeli za zamani za lita 3 zilikuwa zinatembea kama trekta. Jibu ni vitu viwili, hewa na presha ya mafuta. Hewa inaletwa na tabo. Presha ya mafuta ililetwa na mfumo wa komoni reli, ulioingia kwenye magari madogo mwaka 1997 na Alfa Romeo 156 na Mercedes C220 CDI. Zamani pampu ilikuwa inasukuma mafuta kwa kila nozeli kwa zamu yake. Kwenye komoni reli kuna bomba moja linalokaa na presha muda wote, nozeli zinafunguliwa kwa umeme, zinapiga mara kadhaa kwenye mlipuko mmoja, kidogo kwanza kutuliza ule mlio wa dizeli wa kugonga, halafu dozi kubwa. Ndo maana hiyo Benz haigongi kama Canter.

Sasa tairi lako unalijaza bar 2 na kidogo. Reli ya hiyo OM642 inakaa mpaka bar 1,600. Matoleo ya mwanzo ya 1997 yalikuwa 1,350, za siku hizi zimepita 2,000. Matundu ya nozeli ni membamba sana. Na kinacholainisha ile pampu siyo oili, ni DIZELI YENYEWE. Ukiweka dizeli yenye maji, au iliyochanganywa mafuta ya taa, pampu inasaga kavu, vyuma vinakatika vumbivumbi, lile vumbi linaenda kwenye reli, nozeli zote sita, linarudi na bomba la kurudishia mpaka kwenye tenki. Hapo hutengenezi kitu kimoja, unabadilisha mfumo mzima na kuosha tenki.

Zamani uchakachuaji ulikuwa mkubwa, mpaka serikali mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe na faida kuyachanganya, na mafuta yanawekwa vinasaba, ile kemikali ya kutambulisha mafuta halali. Imesaidia sana. Lakini maji bado, hasa masika, na mafuta ya kwenye madumu vijijini ndo usiguse kabisa. Mi wateja wangu nawaambia chagua sheli mbili tatu zenye magari mengi, mafuta yanayoingia na kutoka kila siku, ukae nazo hizohizo. Na usisubiri taa ya mafuta iwake. Filta ya dizeli badilisha kila servisi, tena halisi, usiniletee ya bei ya chai.

Dereva wa Mtumba

Mi naendesha shangingi la ofisi, Land Cruiser 200 ile V8 ya dizeli lita 4.5 tabo mbili, kwa hiyo toki naijua, toleo lenye nguvu zaidi lina 650. Ila nilishawahi kukaa abiria kwenye hiyo E320 CDI ya rafiki yangu kutoka Morogoro na nilishangaa ilivyo nyepesi. Nikaja kufikiri, V8 yangu ina tani mbili na nusu na zaidi, hiyo Benz haifiki tani mbili. Kila tani ya Benz inabebwa na toki kubwa kuliko ya shangingi. Na iko chini, kona za kushuka Dumila unaweka inatulia, V8 inayumba lazima upunguze.

Kikwazo ni barabara za huku kwetu pembeni. Mi naenda Kondoa, Mpwapwa, Bahi ndani ndani kule, sedani utaiua. Na vumbi. Tabo inavuta hewa nyingi sana, filta ya hewa ikipitisha vumbi yale mapanga ya tabo yanalika. Kiangazi hiki cha Dodoma filta ya hewa siyo ya kuipiga upepo kila mara, nunua mpya.

Mzee Kibaigwa

Vijana nawasoma nafurahi. Mimi nimeendesha Mercedes 240D, ile W123, miaka ya themanini, gari ya shirika. Farasi 72. Asubuhi unawasha unasubiri kwanza taa ya koili izime ndipo unapiga stata, na baridi ya Juni hapa Dodoma unasubiri kweli. Kupanda Gairo ukiwa na wakubwa wanne na masanduku ilikuwa gia ya pili, tatu ukibahatika, lori likikutangulia unabaki nyuma yake mpaka kileleni. Lakini haikufa. Injini ilikuwa ikila mafuta yoyote unayoipa, ilipita kilomita laki tano bila kufunguliwa.

Na hao Wajerumani walianza mbali, Mercedes 260 D ya 1936 ilikuwa lita 2.5 na farasi 45 tu, wengi walionunua walikuwa wenye teksi. Tabo kwenye sedani ya dizeli waliweka mwaka 1978, 300 SD, silinda tano. Kwa hiyo nikisoma leo lita 3 farasi 224 ninafurahi, lakini naomba niwaulize, hizi zenu zitafika laki tano?

Kilimani Juu

Shikamoo mzee. Swali lako ndo lenyewe.

Injini yenyewe, chuma chake, inafika. Zipo OM642 nyingi tu zimepita laki tatu na nne, hii injini ilifungwa kwenye sedani, kwenye ML, kwenye Sprinter, hata Jeep Grand Cherokee. Kinachokufa ni vinavyoizunguka, na vinakufa kwa sababu ya matumizi. Nivitaje nilivyokutana navyo.

Kwanza sili za kipoza oili. Kipoza oili kimekaa katikati ya ile V, chini kabisa, tabo na manifoldi ziko juu yake. Sili zinakauka, oili inajaa pale bondeni inaanza kutiririka nyuma kwenye maungio na giaboksi. Sili zenyewe ni vipande viwili vidogo vya mpira bei rahisi, kazi ya kuvifikia ni siku mbili. Za mwanzo zilikuwa rangi ya chungwa, walizoziboresha ni zambarau, ukifungua weka za zambarau.

Pili kuna kimota cha kufungua na kufunga vipepeo vya hewa, kimekaa chini ya mpira wa kuingizia hewa kwenye tabo, oili ya mvuke inadondokea juu yake mpaka kinaungua. Gari inaingia kwenye hali ya kujilinda, haipiti 3,000, nguvu imepotea. Hapa niliumia. Gereji moja mjini waliniambia tabo imekufa, nikauziwa tabo nzima na gari ikarudi vilevile, fundi mwingine akaja na mashine yake ya kupimia, dakika kumi akaniambia ni kimota. Hela ile ilinikosesha usingizi. Kwa hiyo kabla hujanunua spea yoyote ya hizi gari msomeshe fundi namba ya kosa kwenye mashine, akikwambia "najua tu kwa mlio" ondoka.

Tatu DPF, ile filta ya masizi kwenye ekzozi. Na hapa ndo narudi kwenye "siyo ya kila mtu". Ile filta inajaza masizi, ikijaa kiasi injini yenyewe inaongeza joto la ekzozi kufika kama nyuzi 600 ili masizi yaungue. Inahitaji gari iwe imepata moto na iwe inatembea mwendo wa kueleweka, dakika 15, 20 mfululizo. Sasa mtu anatoka Area D, foleni, taa, matuta, anafika Mtumba kilomita kumi na saba anazima. Kesho tena. Gari inaanza kujichoma haimalizi, inaanza haimalizi, dizeli ya ziada inayopigwa pale inashuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi inapanda kwenye kijiti, siku moja taa inawaka filta imeziba. Halafu anakuja humu anasema Mercedes za dizeli ni mbovu. Si mbovu, ni gari ya barabara ndefu umeifunga kamba uani.

Mi yangu kila wiki inaona Gairo, miaka minne taa ya DPF sijaiona.

Fundi Nozeli

Umemaliza. Niongeze oili tu, lazima iwe ile ya majivu machache, kwa Mercedes imeandikwa 229.51, kwa BMW LL-04. Ukiweka oili ya lori majivu yake hayaungui kwa joto lolote, yanabaki kwenye DPF milele. Na wale wanaokata DPF na kuacha bomba tupu, moshi mweusi unaouacha nyuma unavutwa na mtoto anayetembea kwenda shule. Mi sikati.

Binti Kondoa

Wakuu nimesoma uzi wote mara mbili. Nina swali la kweli, hela ninayo na nimechoka kufikiri. Nafanya kazi Dodoma, familia iko Dar, naenda karibu kila Ijumaa. Nimeonyeshwa magari mawili. Moja BMW 535d ya 2008 imetokea Uingereza, muuzaji yuko Area C. Nyingine Mercedes E350 BlueTEC ya 2011 ya Japani iko kwenye yadi Dar. Ya BMW inaruka jamani, nimeijaribu barabara ya kwenda Singida nikasikia mgongo umebanwa kwenye siti. Ya Benz sijaiona. Nichukue ipi?

Kilimani Juu

Dada karibu. Kwa safari zako hizo wewe ndo mtu wa hizi gari.

535d ni gari ya maana, usisikilize mtu. Walipoitoa 2004 ilikuwa na tabo mbili, ndogo inaanza kazi chini, kubwa inapokea juu, farasi 272 na toki 560, ya 2008 ni 286 na 580. Ndo maana ukasikia mgongo. E350 BlueTEC ya hizo za mwanzo ina farasi 211 na toki 540, iko pole zaidi, lakini toki karibu zinafanana, kwa kupita lori hutaona tofauti ya kukuuma.

Tofauti iko kwingine. BMW hiyo ukiichukua angalia chini, magari ya Uingereza yanatembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, kutu inaanzia kwenye mabomba ya breki. Benz ile ina AdBlue, yale maji ya urea, tenki lake lazima lijazwe, ukiacha likaisha gari itakuhesabia kilomita halafu haitawaka. Mi wanaotumia naona wanaagiza Dar. Wewe uko Dar kila wiki, si tatizo.

Fundi Nozeli

Dada hiyo 535d kabla ya kutoa hela nitafute au tafuta fundi mwingine mwenye mashine. Injini yake ya M57 ni chuma kizuri sana, mi naipenda, ila kwenye manifoldi ya hewa kuna vipepeo. Vikilegea kimoja kikakatika kinaingia ndani ya silinda na hapo hakuna injini tena. Wenye akili wanavitoa wanaziba matundu. Muulize muuzaji vimetolewa? Kama hajui unazungumzia nini ni jibu tosha.

Na mfike asubuhi KABLA hajaiwasha. Weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto mwambieni mtarudi kesho. Dizeli inasema ukweli ikiwa baridi tu.

Mwana Area C

Samahani natoka nje kidogo, hiyo Benz ya farasi 211 si inaongezwa kwa rimapu, ile ya kubadilisha programu ya injini? Kuna jamaa anapiga kwa laptop nusu saa anakuambia umepata farasi 40. Kama injini ileile kiwandani ilikuja kutoa 250 na zaidi kwenye gari nyingine kwa nini nisiongeze?

Fundi Nozeli

Inaongezeka, sikudanganyi. Ni kweli OM642 ilifika farasi 258 na toki 620 kwenye S350 BlueTEC. Lakini usifikiri walibadilisha namba tu kwenye kompyuta. Tabo, nozeli, mgandamizo wa pistoni, vyote viliguswa. Yule wa laptop anaongeza mafuta na presha ya tabo kwenye vifaa vilevile vyenye miaka kumi na tano na kilomita laki mbili, gia boksi ileile. Joto la ekzozi linapanda, masizi yanaongezeka, DPF inaziba mapema. Ukitaka nguvu zaidi nunua gari iliyozaliwa nayo.

Kilimani Juu

Na zilizozaliwa nazo zipo za kutisha. Mercedes walikuwa na S420 CDI V8, toki 730. Audi A8 4.2 TDI ya mwisho ilifika farasi 385 na toki 850. BMW mwaka 2012 wakatoa M550d lita 3 ileile lakini tabo tatu, 381, halafu 2016 wakaja na 750d tabo NNE, farasi 400, toki 760, presha ya mafuta imepita bar 2,500. Lita tatu tu wakuu. Audi walishafika hadi V12 ya lita 6 kwenye Q7, farasi 500 na toki 1,000, na 2006 gari yao R10 ndo ilikuwa dizeli ya kwanza kushinda Le Mans.

Mi hizo napenda kuzisoma, kununua nisingenunua nikiwa Dodoma. Tabo nne zimebanana sehemu moja, bomba moja likivuja nani atalifikia? Lita 3 tabo moja ndo pazuri pa kusimama kwa huku.

Crown Nyeusi

Lakini si mnaona zinakufa? Hiyo tabo nne BMW wenyewe waliiacha 2020. Baada ya ile kashfa ya Volkswagen ya 2015 ya kudanganya vipimo vya moshi, Ulaya wamezibana dizeli, viwanda vinakimbilia umeme. Hamwoni mnanunua kitu ambacho miaka kumi ijayo hakina spea?

Kilimani Juu

Kaka hofu hiyo nimewahi kuwa nayo. Ila 2017 Mercedes walileta dizeli mpya kabisa ya silinda sita mstari mmoja, OM656, kwenye S400d ina farasi 340 na toki 700, kwa hiyo hawajaacha. Shida nyingine ni kwamba zinavyozidi kuwa mpya zinadai mafuta safi zaidi. Ulaya salfa kwenye dizeli haizidi sehemu 10 kwa milioni, kwetu Afrika Mashariki kiwango tangu 2015 ni 50. Imeshuka sana kutoka tulikokuwa, ila ndo maana mi nasema magari ya 2006 mpaka 2013 hivi yanatuvumilia zaidi, japo ushuru wa uchakavu unauma.

Dereva wa Mtumba

Tena siku hizi SGR ipo, toka 2024. Wengi waliokuwa wanaendesha kila Ijumaa wamepanda treni. Kwa uchovu wa barabara ile siwalaumu.

Binti Kondoa

SGR napanda pia, ila mi nabeba mizigo ya mama na watoto wawili.

Nimerudi na majibu. Jumamosi tumeenda Area C saa kumi na mbili asubuhi na fundi. Boneti ilikuwa ya moto. Muuzaji akasema aliisogeza kidogo kupisha gari nyingine. Tukarudi Jumapili bila kumwambia saa, ikawa baridi, ikachukua muda kuwaka na ilipowaka moshi wa bluu ukajaa uani kote. Vipepeo hajui ni nini. Chini mabomba ya breki yana kutu mpaka yanaacha unga mkononi. Roho iliniuma kwa sababu naipenda kweli ile gari, ila nimeiacha.

Mzee Kibaigwa

Umefanya vyema mwanangu. Gari inayowashwa kabla ya mnunuzi kufika hata enzi zetu tulikuwa tunaikimbia.

Binti Kondoa

Shikamoo mzee, asante sana.

Wakuu mrejesho wa mwisho. E350 nimeichukua. Fundi wa Dar aliisoma na mashine, DPF ina nafasi, kosa moja tu la zamani la hita plagi. Alitoa kava akamulika tochi kule bondeni kwenye ile V, pana unyevu wa oili kidogo upande wa nyuma, bei tukaishusha kwa sababu ya hizo sili.

Jana nimekuja nayo Dodoma, watoto nyuma na gunia la mchele kwenye buti. Kutoka Dumila kupanda Gairo nilikuta malori manne yamefuatana. Nilisubiri mpaka nikaona mbele kweupe mbali kabisa nikakanyaga, haikupiga kelele, nikashtukia niko mbele ya la nne na mwanangu bado anaendelea na hadithi yake ya shuleni hajakatiza hata neno.

Fundi Nozeli, Alhamisi naileta. Sili za zambarau nimenunua, oili ya 229.51 lita nane ninayo, filta ya dizeli na ya hewa zote halisi. Nije saa ngapi?

Fundi Nozeli

Njoo saa moja asubuhi dada, na uje na usafiri wa kukurudisha, nitakaa nayo mpaka Ijumaa mchana.